Mke wangu alikosa pumzi kwa pweza, nami nikamfunika blanketi

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi mtu wa Kilwa Masoko, pweza nakula tangu sina meno. Mke wangu katokea Njinjo, huko bara, kwao ni mihogo na kunde. Kila akionja pweza wa mama, midomo inamwasha.

Mama anacheka: "Ugeni huo mwanangu, kula tu, mwili utazoea." Huku kwetu mkwe wa bara huambiwa hivyohivyo. Na mimi nikawa namtania mbele za watu. Mjinga mimi.

Jumapili iliyopita akala sahani nzima, amridhishe mama mkwe.

Dakika kumi hazijafika, uso umevimba, mabaka mwili mzima, kifua kinalia filimbi. Nikampa kidonge cha mzio. Mama akasema kabanwa kifua, afukizwe. Tukachemsha mwarobaini, nikamfunika blanketi na sufuria ya mvuke.

Wakuu, akawa ananipigapiga mkono. Nikadhani anadeka, nikazidi kubana blanketi!!!

Mkono ulipolegea ndipo nikafunua. Midomo ya bluu. Yallah! Nikambeba hadi kwenye bajaji, mbio zahanati.

Daktari hakupoteza muda, sindano ya adrenaline pajani. Baada ya muda pumzi ikarudi. Mimi niko chini sakafuni.

Akanielewesha. Mwili ukidhani chakula ni adui unamwaga kemikali. Histamine ndiyo inayowasha na kuvimbisha. Kuna nyingine zinaitwa leukotriene, hizo zinakaza misuli ya njia ya hewa mpaka hewa haipiti. Kidonge changu kinazuia histamine peke yake, tena taratibu. Adrenaline ndiyo inayofungua njia haraka.

"Na mzio huu hauzoeshwi," akasema. "Safari nyingine unaweza kuja mkali zaidi."

Mama alikuwa mlangoni, kaziba mdomo kwa kanga, analia.

Kwa hiyo wakuu, mtu akiwashwa na chakula, msimlazimishe. Pumzi ikibana, blanketi weka pembeni, kimbieni hospitali. Kama yamewahi kukukuta, andika hapa, nasoma zote.

Jana nilimuuliza pale ndani ya blanketi alitaka kuniambia nini.

Akasema, "Mwanzo nilitaka ufunue. Mwisho nilikuwa nakuaga."