Okestra Mfukoni mwa Aproni

Mkwe wangu amefuga watu tisini ndani ya kompyuta. Wapiga fidla, wapuliza tarumbeta, na mmoja wa ngoma kubwa ambaye akipiga tu, sufuria zangu zinahama rafu. Bahati yao hawali. Wangekuwa wanakula, ningeshawatoa kwa ufagio, na yeye nyuma yao.

Kazi yake ni kutunga muziki wa filamu. Anabonyeza kinanda, kompyuta inatoa okestra. Mwaka huu mwongozaji mmoja alimpa filamu ya kwanza ya maana, kisha akamrudishia muziki: "Haunigusi. Rudia, la sivyo nampa mwingine."

Unadhani alijilaumu? Thubutu! Alizilaumu sauti.

"Mama, hizi fidla zangu ni duni. Wenzangu wana sauti zilizorekodiwa kwenye kumbi kubwa, kwa wapigaji wa kweli."

"Mchagua jembe si mkulima."

"Hayo ya zamani, Mama."

Binti yangu ni fundi cherehani. Siku moja alikwenda kununua uzi, akarudi akakuta meza tupu. Cherehani imeuzwa! Nguo za wateja bado zina pini. Mahali pake pamekaa kisanduku cheusi, kama kipande cha sabuni, ndani yake ndimo zilimo hizo sauti mpya.

Hasira zilinipanda, nikachemsha birika kwa kulikodolea macho tu. Binti yangu akavuta kiti akaketi taratibu, na akiwa mtaratibu ndipo umwogope.

"Hebu tusikie," akasema.

Mkwe akawasha. Sauti tamu, haki yake tumpe. Ila kwa kuwa kazilipia zote, zote kazipigisha kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, zinakatizana kama mawifi kwenye ugomvi. Tarumbeta lilishika pumzi moja tangu chai imiminwe mpaka ikapoa. Tungo ni ileile mbovu, imevalishwa suti.

Binti yangu akachomoa kisanduku, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Jamani mke wangu, hiyo ni okestra nzima!"

"Na ile ilikuwa cherehani nzima. Mimi sasa nashona kwa vidole, basi na wewe tunga kwa mdomo. Hiki utakiona siku nitakayoiona cherehani yangu."

Ikawa nyumba ya vita. Huku binti anajichoma sindano na kusonya, kule mume ananguruma kama ng'ombe mwenye mafua. Alipoiga tarumbeta, pumzi ikamkatika katikati, ikabidi aliachie nafasi ya kupumua. Mdomo mmoja hauimbi watu tisini, akawaachisha kazi karibu wote. Ikabaki fidla moja na filimbi, zinaitana, zinangojana. Akazipiga kwa sauti zake kuukuu, zinazokwaruza kama kijiko kwenye chungu, akatuma.

Mwongozaji akapiga simu, sote tunasikia. "Naam! Sasa umenigusa! Bila shaka umenunua sauti mpya!"

Mkwe akafungua mdomo aseme ukweli. Binti yangu akamwonyesha sindano. Akaufunga.

Malipo yalipoingia, cherehani ikarudi, tena ikakaa kwenye meza ya mume. Yeye anatungia jikoni, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisanduku aliambiwa akichukue, akasahau. Sasa kinakandamiza vitambaa visiteleze. Watu tisini, kazi yao kukalia pindo!

Mimi bado sijamsamehe. Jana kaniuliza, "Mama, umesikia kuna fidla zimetoka nzuri zaidi?"

Nikamtupia kandambili. Ikampata, ikarudi mguuni kwangu yenyewe, ikingoja swali lingine.