Mzaha Niliousema Kwenye Waya wa Subukia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hunyamaza hata kama nilikuwa katikati ya kicheko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla Waingereza hawajatangaza hali ya hatari nchini. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimerudi Nakuru kwa likizo, na nilijiona mjanja kuliko watu wote walionilea.

Tulikaa landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka magharibi akiwa kijana, akaletwa na kazi ya kupakia magunia kwenye mabehewa, na kaka yangu Eliya naye akaingia kazi hiyo hiyo. Jumapili mjini kulijaa watu wa mashamba ya Wazungu: Subukia, Kabazi, Dundori. Walizaliwa huko, wakalima huko, wakakamua ng'ombe wa huko, lakini hapakuwa pao: Mzungu alipazungushia waya wake. Hapo ndipo utani ulipozaliwa. Tuliwauliza, "Ndugu, kwenu kunaishia wapi?" Kabla hawajafungua mdomo tuliwajibia wenyewe: "Kwenye waya! Ng'ombe wa bwana anavuka, mwenyeji anaomba cheti."

Nao hawakuwa mabubu. Kulikuwa na mama mmoja wa Dundori, muuza viazi, aliyetuweza sote. "Nyinyi wa landhi nyamazeni," alisema. "Mtu wenu akikoroma chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anamwambia geuka upande mwingine." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Utani wa namna hiyo haukuwa na ubaya, kwa maana kila aliyerusha alirushiwa. Mimi nilikosea nilipodhani kwamba mtu akicheka sokoni atacheka kila mahali.

Basi Eliya akampenda msichana, jina lake Tabitha, binti wa mkamuaji wa Subukia aliyeitwa Mzee Yohana. Walijuana kanisani. Eliya hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini miezi ile alikuwa akiimba akioga, nasi tukajua. Baba akatuma wazee wawili wapeleke posa. Mimi nikaambiwa niandamane nao pamoja na Eliya, ati kwa sababu nilijua kusema. Tulipata nafasi kwenye lori la maziwa lililorudi na mikebe mitupu.

Kwa watu wa shamba lile, wageni wa posa hawakuingia hivi hivi. Wanawake wawili walikuwa wakisimama njiani wameshika tawi, huyu huku na huyu kule, wakiwazuia. Waliuliza maswali ya mzaha, wageni wakajibu kwa mzaha, kisha zawadi ikatolewa na tawi likainuliwa. Lakini tawi likilazwa chini kabla ya zawadi kupokelewa, maana yake ilikuwa: piteni, nyinyi ni wapita njia tu. Hivyo ndivyo walivyokataa posa bila kumtukana mtu. Haya yote wazee wetu walinieleza ndani ya lori. Sikuwasikiliza, nilikuwa nikipanga maneno yangu.

Tulipofika, upande mmoja wa tawi alisimama mama yake Tabitha mwenyewe, Mama Rahabu, mwembamba, amejifunga leso mpya.

"Nyinyi mliojaa vumbi," alianza, "mnatafuta nini kwetu?"

"Mama," akajibu mkubwa wa wazee wetu, "tumepotelewa na ndama, na nyayo zimetuleta hapa."

"Ndama wetu hawapotei, wanajua mpaka. Nyinyi mmeuona mpaka wetu, au mmeingia tu kama nzige?"

Wanawake nyuma yake wakapiga vigelegele. Mzee wetu alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni kutoa zawadi. Mwanangu, laiti ningemwachia nafasi ile! Nikajitokeza mbele.

"Mama, mpaka gani?" nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huu si wenu. Bwana akiamka vibaya kesho ataukunja kama mkeka, na nyinyi mkiwa ndani!"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mama Rahabu hakunitazama. Alitazama kule ng'ambo, penye waya mpya na nguzo ambazo mbao zake bado zilikuwa nyeupe. Kisha akainama polepole akalilaza tawi chini. Mwenzake naye akaachia.

Mzee Yohana akatoka. Hakutufukuza, kwa sababu kwao mgeni hakurudishwa na njaa. Alituketisha, tukapewa uji, na hakuna aliyeunywa kwa raha. Ndipo akanigeukia.

"Kijana, ulichosema ni kweli. Ndiyo maana sisi hatukisemi."

Nikajibu, "Ulikuwa mzaha tu, mzee."

"Najua. Mwaka jana bwana alisogeza waya apate malisho zaidi. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika upande ule. Sasa fahali wanalala pale. Mama huyu akitaka kung'oa majani juu ya mwanawe, anaomba ruhusa kwa nyapara. Siku nyingine anapewa, siku nyingine anaambiwa arudi kesho." Akaongeza, "Na wewe, baba yako akimaliza kazi ya reli, mtalala wapi?"

Sekondari hawakuwa wamenifundisha hilo.

Wazee wetu wakaomba radhi kwa niaba yangu. Mzee Yohana akatikisa kichwa. "Nyinyi sina neno nanyi. Huku kwetu, unaoomba radhi ni mdomo uliosema. Leo mama huyu hawezi kusikia. Arudi mwenyewe siku nyingine, aketi naye. Wakipatana, tutaongea habari za watoto. Wasipopatana, hatutaongea."

Unaona, mwanangu, jinsi jambo lilivyokuwa jepesi? Kwenda Subukia, kuketi mbele ya mama mmoja, kusema nimekosa. Furaha yote ya kaka yangu ilining'inia hapo.

Tuliporudi Eliya alinipeleka kando. "Ndugu yangu, nenda Jumapili hii. Nitakuombea nafasi kwenye lori."

"Nitakwenda," nikasema.

Jumapili hiyo nikasema mvua imeharibu barabara. Iliyofuata nikasema nina masomo ya kurudia. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mimi, kijana wa vitabu, nikapige magoti mbele ya mke wa mkamua ng'ombe! Likizo ikaisha nikarudi shuleni, na Eliya akanisindikiza stesheni. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi naongeza kwamba ulimi ukijikwaa, kiburi ndicho kinachokataa kuuinua.

Nilikwenda likizo iliyofuata, nimebeba sukari na leso. Nilikuta ng'ombe wa bwana wakila mabua palipokuwa na nyumba yao. Mafiga yalikuwa bado yako pale, meusi kwa masizi. Nyapara akaniambia kwamba baada ya mavuno bwana alipunguza watu, na Yohana na jamaa yake wakapewa siku chache wahame.

"Wamekwenda wapi?"

"Nani anajua? Wengine wanasema Molo, wengine Tanganyika. Waliondoka na mbuzi wawili na magodoro."

Nilisimama pale na sukari yangu mkononi, sina wa kumpa.

Eliya alimtafuta Tabitha kila mahali alipoweza. Kisha hali ya hatari ikatangazwa, njia zikafungwa kwa vyeti na vizuizi, na maji yakimwagika hayazoleki. Miaka mingi baadaye alioa mke mwema, wakapata watoto. Hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu, tukiwa tumezeeka, nilimwomba msamaha. Akaniambia kwa upole, "Mimi nilikusamehe zamani. Lakini si mimi uliyemtukana."

Siku hizi nawasikia mkitaniana kwenye simu zenu: kaunti ya fulani inaishia wapi, watu wa fulani hawajui kama wako Bonde la Ufa au wako Mkoa wa Kati. Nami hucheka, sikatai. Tanianeni, mwanangu, utani ni chumvi ya ujirani. Lakini kabla hujamtania mtu kuhusu kwao, jiulize kwanza kama anaweza kurudi huko jioni. Aliye na kwao atakurushia lako na mtacheka pamoja. Aliyenyang'anywa hana cha kukurushia, na atakachofanya ni kuangalia kando tu. Ukimwona ameangalia kando, mwombe radhi papo hapo, kwa mdomo wako mwenyewe, usingoje barabara ikauke. Usiniambie ulikuwa mzaha tu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha niliotumbua mimi ulikuwa kwenye mwili wa mtu mwingine.

Mungu akupe mahali pa kulaza kichwa pasipo mtu wa kukuhamisha. Akupe jirani wa kucheka naye, na ulimi unaojua kusimama. Na ukiwa umekosa, akupe miguu myepesi, umkute uliyemkosea bado yuko nyumbani.