Wanne Mbele ya Sufuria Moja

Nakumbuka mchana mmoja, Mwanangu wa kaka yangu, Baba yangu alipotukusanya nyumbani, mtaa wa Khuwair ya Kusini, akasema amechoka. Jiko lake la halua la Wadi Kabir atawaachia kaka zangu wanne. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, na siku chache kabla nilimsimulia habari za wafalme wa Rumi ya kale waliogawana dola: wakubwa wawili, na wadogo wawili chini yao, kila mmoja na upande wake. Baba alipendezwa hata hakungoja mwisho. Basi wakubwa akawapa jiko, wadogo akawapa duka, naye akahamia kijiji cha Bustan kupanda mchicha.

Shangazi, dadake Baba, hakufurahi. Akanigeukia. "Na hao wafalme wako, waliishia wapi?"

"Aliyeupanga mpango alipong'atuka, walipigana, Shangazi. Mwishowe akabaki mmoja."

"Nnaogopa, kaka," akamwambia Baba. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mteue mmoja mwenye neno la mwisho, nawe ungali hai."

"Wanangu wanapendana," Baba akajibu. Na kweli walipendana. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ikafika siku ya kuamkia Idi, sufuria kubwa ya shaba iko motoni. Halua, wajua, hukorogwa saa nyingi bila kupumzika, na lazima awepo mmoja wa kusema sasa iepuliwe. Kaka mkubwa akasema, "Epueni." Wa pili akasema, "Bado." Wafanyakazi wakasimama na miko mikononi, hawajui wamtii nani. Halua ikaungua. Wakatukanana mbele ya wateja, na wale wadogo nao wakagawanyika, kila mmoja na mkubwa wake. Walimfuata Baba wakimwomba arudi kusimamia, akakataa: alichokwisha kutoa hakirudishi.

Alipofariki, kikao cha taazia kilikaliwa katika majlisi mbili, kila kaka mkubwa akipokea rambirambi kwenye ukumbi wake. Watu walisimama njiani wakiulizana waanzie kwa nani. Baba mmoja, misiba miwili! Nililia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe.

Sasa baba yako, mdogo kabisa wa kaka zangu, anataka kuwagawia nyinyi watatu fungu lake la duka. Mwanangu, kaeni mbele yake mapema, mmoja wenu apewe neno la mwisho, na waliobaki waridhie kwa sauti, mzee asikie. Akipewa nduguyo, usinune. Kumpisha ndugu si kushindwa.

Mungu akupe kifua cha kustahamili, na siku mtakayomzika baba yenu, watu wa taazia wakute mlango mmoja.