Harufu Isiyo Yako

Kuna jioni moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka puani. Nasema puani kwa sababu nyuso za siku hiyo zimeanza kufifia, lakini harufu zake ninazo zote: moshi, samadi mbichi, maua ya maharagwe, na kile kitambaa cha Baba mdogo Kirwa. Nimezunguka nchi hii sana. Nimelala Malaba, Naivasha, Lodwar na kwingine ambako sikumbuki hata jina la mwenye nyumba. Kote huko harufu hizo zilinifuata kama mbwa asiyetaka kubaki nyumbani.

Nisingeziandika kama si Kibet. Kibet ni mjukuu wa huyo Kirwa, kwa hiyo ni mtoto wangu pia. Juzi nilienda senta ya Ziwa siku ya soko, nikamkuta na wenzake nyuma ya duka la mbolea, vichwa vimekutana juu ya simu.

"Anko, cheki hii," akaniambia.

Nikacheki. Mzungu mmoja alikuwa anajipulizia kitu cha kuua harufu ya mwili. Akavaa nguo ambazo, eti, haziruhusu jasho linuke nje. Kisha akafungua kachupa kadogo, akaloweka pamba, akaining'iniza kichakani. Punde si punde swala mkubwa mwenye pembe kama matawi akaja, pua juu, amelewa kabisa. Mshale ukatoka. Vijana wakashangilia kana kwamba ni bao.

"Hiyo chupa tunaagiza," Kibet akasema. "Inaletwa mpaka Eldoret. Wewe unatupea tu ule upinde wa Kugo, unatuonyesha kule msituni. Kamba tutaweka ya nailoni."

"Hamtaupata."

"Unaogopa askari wa wanyama?"

"Ningekuwa mjinga nisiwaogope. Lakini hata wangelala wote, hamtaupata."

"Anko ameokoka!" mmoja akasema, na wote wakacheka. Mwingine akaninusa begani. "Na hata hiyo dawa ya harufu haitamsaidia. Huyu mzee ananuka moshi tupu."

Mzee! Mimi ambaye sijafika hamsini. Niliondoka bila kuwajibu, kwa sababu nikiwa na hasira maneno yangu hutoka yamevunjika. Kwenye karatasi hutoka mazima. Basi hili ndilo jibu langu, na sitalipunguza makali.

Babu yangu, tuliyemwita Kugo, alikuwa na shamba upande wa Chepsaita, mahali ambapo kipande cha msitu kilikuwa kimebaki kando ya mto. Katika msitu huo kulikuwa na pongo dume mmoja. Kama hujawahi kumwona pongo, ni swala wa vichakani, rangi ya kahawia iliyokolea, madoa meupe ubavuni, pembe zimejisokota. Haishi kwa makundi. Huishi peke yake kama mimi, na hutoka jioni kula maharagwe ya watu.

Uwindaji ulikuwa umekatazwa kabla sijazaliwa. Kugo aliitii sheria hiyo kwa namna yake: aling'oa vyuma kwenye mishale yake yote, akautundika upinde ukutani, lakini hakuacha kwenda msituni. Alisema hakuna serikali inayoweza kumkataza mtu kukaa kimya kwenye majani. Kwake mwindaji hakuwa yule anayerudi na nyama. Alikuwa yule anayeweza kumsogelea mnyama hadi amsikie akitafuna, halafu amwache aende zake bila kujua kwamba kulikuwa na mtu.

"Ukimsikia akitafuna, na akaenda bila kukujua," aliniambia nilipomaliza kidato cha nne, "huo upinde ni wako."

Niliutaka ule upinde, mwanangu, kuliko nilivyotaka cheti cha shule. Ulikuwa wa baba yake. Kamba yake ilikuwa ya mshipa wa ng'ombe, imesokotwa na kupakwa mafuta hadi ikawa nyeusi. Baba yangu alikuwa ameshakufa, na niliona kwamba nikiupata, nitakuwa nimeshika mkono wa watu wote waliopita mbele yangu.

Kazi ilianza na mwili. Kugo alinikataza sabuni yoyote yenye manukato. Mafuta ya mgando niliyokuwa nikijipaka kwa ajili ya msichana fulani wa Turbo akayatupa chooni. Vitunguu, hapana. Sweta yangu ya shule ikatundikwa kwenye zizi la ndama, kisha ikafukizwa moshi wa senetwet, kile kichaka cha maua ya njano ambacho nyanya alichoma vijiti vyake na kusugua navyo vibuyu vya mursik. Nikanuka ng'ombe, moshi na maziwa ya mgando.

"Sasa mimi si nanuka kama zizi?" nilimlalamikia.

"Huyo pongo amezaliwa karibu na zizi," Kugo akanijibu. "Ng'ombe amewasikia tangu akiwa tumboni. Kitu asichokijua ni hayo mafuta yako ya kutafuta wanawake."

Kila tulipotoka alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa majivu kidogo, akayaachia. Yakielekea msituni, tunarudi nyumbani. Yakitupiga usoni, tunaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yake.

Baba mdogo Kirwa alikuwa akitutazama na kucheka. Alikuwa mtu wa mizaha na wa mikono mizuri, na nilimpenda. Lakini mishale yake ilikuwa na vyuma, na pale senta kulikuwa na mwenye hoteli aliyekuwa akichukua nyama bila kuuliza imetoka wapi. Siku moja alinionyesha chupa ya dawa ya kikohozi. Ndani hakukuwa na dawa. Mbwa zake walikuwa wamekamata pongo jike aliyekuwa akitaka dume, na Kirwa alikuwa amekusanya mkojo wake na vitu vingine ambavyo sikutaka kuvijua.

"Wewe jifukize tu kama samaki," aliniambia. "Mimi namwandikia barua ya mapenzi."

Kugo alimsikia. Hakupaza sauti, lakini hadi leo nayaweza kuyarudia maneno yake. "Kirwa, mtu kuficha harufu yake ni haki yake. Hata chui huificha. Mnyama akishindwa kukunusa, ameshindwa kwa kazi yako. Lakini ukimwita kwa harufu isiyo yako, hujamwinda. Umemdanganya. Katika nyumba hii hatuiti mtu kwa kitu tusichokuwa nacho."

"Mzee, ni mnyama tu."

"Mdomo unaozoea kumdanganya mnyama ni huo huo utakaomsalimia jirani kesho."

Kirwa aliitia chupa mfukoni na kwenda zake akipiga mluzi.

Ile jioni ninayoisema, majivu yalinipiga usoni vizuri kabisa. Kugo alibaki nyumbani, kwa sababu jaribio lilikuwa langu. Nilitambaa hadi kwenye mpaka wa maharagwe, nikalala kifudifudi kati ya majani. Mdudu alinitembea shingoni na sikumgusa. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti pongo alipotoka.

Alitoka kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Mguu mmoja, akasimama. Mguu mwingine. Aligeuza masikio huku na huku, akanusa, na upepo haukumwambia chochote, kwa maana ulikuwa ukitoka kwake kuja kwangu. Akainamisha kichwa. Nikamsikia akitafuna. Mwanangu, ni sauti ndogo tu, kama mtu anayekanyaga changarawe mbali, lakini machozi yalinitoka. Kilichobaki kilikuwa kulala pale bila kufanya lolote. Ale, ashibe, aende, na mimi niende nyumbani kuchukua upinde.

Ndipo nilipoisikia ile harufu. Ilikuja na upepo ule ule, kutoka upande wa mtoni, kali na tamu kwa pamoja, na nikajua Kirwa ameifungua chupa. Pongo aliisikia kabla yangu. Kichwa kiliinuka, majani ya maharagwe bado yananing'inia mdomoni. Alianza kutembea kuelekea mtoni, na sasa hakusimama wala kugeuza masikio. Ule uangalifu wake wote aliuacha shambani. Niliangalia mbele yake na kukiona kitambaa kwenye tawi, na juu ya mti wa pembeni, mahali ambapo harufu ya mtu hupita juu kwa juu, niliona goti la Baba mdogo.

Ningeweza kunyamaza. Sharti la Kugo lilikuwa kwamba pongo asinijue mimi, halikuwa linahusu mshale wa mtu mwingine. Upinde ulikuwa umeshakuwa wangu kwa nusu.

Niliinuka. Niliinama nikakimbia kwa ukingo wa mto, nikimzunguka, hadi nikafika kati yake na kitambaa, upande ambao mwindaji hafai kabisa kusimama, upepo ukiwa mgongoni mwangu. Nikaivua ile sweta ya moshi na kuitupa. Nilikuwa nimelowa jasho la kukimbia na la woga, kwa sababu mshale wa Kirwa sasa ulikuwa unaniangalia mimi. Nikanyanyua mikono juu na kuuacha upepo unibebe.

Pongo alisimama kana kwamba amegonga ukuta. Akabweka, maana pongo hubweka kama mbwa, na msitu ukamfunika.

"Wewe mtoto una wazimu!" Kirwa aliruka kutoka mtini. "Ningekuua! Nyama yangu, umeifukuza nyama yangu!"

"Haikuwa yako," nilimwambia. "Ulikuwa unaiba."

Alinizaba kofi. Sikuanguka, na wala sikukimbia. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefuatana, yeye mbele, mimi nyuma, kifua wazi.

Kugo alikuwa ameketi mlangoni. Kirwa alimweleza yote, naye alieleza kwa ukweli, hilo sitamnyima. Kisha akacheka. "Na sheria yako mwenyewe ameivunja, Mzee. Mnyama amemnusa mpaka akabweka. Upinde hapati."

"Ulimsikia akitafuna?" Kugo akaniuliza.

"Nilimsikia."

"Na baadaye akakujua?"

"Nilijionyesha mwenyewe."

"Basi umevunja sharti. Upinde hupati."

Damu ilinipanda. Sikuwahi kumjibu Kugo vibaya maishani, lakini siku hiyo nilimjibu nikiwa wima. "Usinipe, Kugo. Ukinirudisha kule kesho, nitasimama pale pale. Na keshokutwa tena."

Kisha akaingia ndani, akautoa upinde ukutani. Aliifungua ile kamba nyeusi, akaizungusha vidoleni na kuitia mfukoni mwa koti, kwenye majivu yake. Mti wa upinde akaniwekea mikononi. "Kamba ni ya atakayetimiza sharti," akasema. "Huu mti uliobaki, sioni wa kumpa ila mtu kama wewe."

Alizikwa na lile koti. Sikuwahi kuiomba ile kamba.

Sasa upinde uko ukutani katika chumba ninachokodi mtaa wa Munyaka, Eldoret. Jirani yangu, Mama Wanjiru wa duka, alipouona mara ya kwanza alishtuka. Watu wa huku tunajua pinde zimewahi kufanya nini kati ya majirani wakati wa ghasia za uchaguzi. "Baba, hiyo ni ya kupigana na nani?" akaniuliza. Nikamwonyesha kwamba hauna kamba. Alitabasamu, akaninyooshea mandazi. Wengine hudhani nimeitoa kamba kwa kuogopa. Waache wadhani.

Kwa hiyo Kibet, na wewe unayesoma na hujui hata Chepsaita iko wapi, sikieni. Kujificha sikukatazi. Usiwaambie watu mipango yako yote, usijipake kila unachouziwa, ingia mahali pageni kimya na ujue upepo unatoka wapi. Lakini usimwite mtu kwa harufu isiyo yako. Usimwite msichana kwa gari la kuazima. Kule Naivasha nilipewa kazi ya kusimama stendi nikiwaita vijana kwa kazi za ng'ambo ambazo hazikuwepo. Nilikula vizuri asubuhi moja, nikaona vichwa vyao vikiinuka kama kile cha pongo, nikaondoka kabla ya chakula cha mchana. Nililala njaa, na ningelala tena.

Na ukimwona mwingine amekitundika kitambaa chake, usiseme haikuhusu. Vua sweta. Utapigwa kofi, utaitwa mzee, utaambiwa unanuka moshi. Nanuka moshi, ndiyo, na sitaoga kwa ajili ya yeyote. Upinde hamtaupata, na kamba ya nailoni haitaugusa nikiwa hai.

Mungu akuweke daima upande ambako upepo unakupiga usoni, mwanangu, uwasikie wenye woga wakila kwa amani. Na siku itakapobidi, akupe miguu ya kukimbilia upande ule mwingine, na kifua cha kusimama nacho pale.