Mama Sifa na Chupa Tisini za Viazi

Ukimtafuta Katarina Tluway pale Karatu, usiulize kwa jina hilo, utazunguka mpaka soli iishe. Uliza Mama Sifa wa chupa. Utaelekezwa nyuma ya gereji moja, barabara ya kupanda Ngorongoro, kwenye maabara ya vyumba vitatu ambako mimea inakuzwa ndani ya chupa. Aliajiriwa kuosha chupa. Miaka sita baadaye yeye ndiye anayeshika kisu, na mimi, mwenye diploma ya kilimo iliyokwama mwaka wa pili, ndimi ninayeosha.

Kazi yenyewe ni hivi: unakata kipande cha shina chenye kifundo kimoja, unakisimamisha kwenye uji mgumu wa sukari na chumvichumvi za mbolea, unafunga. Baada ya wiki nne una mche mzima usio na ugonjwa.

Mama Sifa alikuwa ameleta maabara mbegu ya kiazi cha mama yake kutoka Mbulumbulu, chekundu nje, njano ndani. Muda si mrefu ugonjwa wa mnyauko ukakiteketeza shambani, na kwa majirani nako kikaisha. Kikabaki kwenye chupa zetu tu. Halafu Oktoba mwaka juzi chupa nazo zikagoma: mashina membamba kama uzi wa kushonea, majani madogo, manjano, yanapukutika.

Bosi wetu, Patrisi, akapitisha macho mara moja.

"Mama Sifa, hizi tupa Ijumaa. Nataka rafu, migomba ya watu inasubiri."

"Bosi, mtu hazikwi bado anapumua."

"Huyo hapumui, anakoroma."

Mchana ule Mama Sifa hakula. Nilimpelekea chai nikadhani anasali, kumbe amekodolea macho chupa moja yenye majani mapana, ya kijani kabisa, katikati ya wagonjwa.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Plastiki umezungusha mara ngapi?"

Hapo nikajua nimekwisha. Vumbi la Karatu wakati wa kiangazi linaingia mpaka kwenye maharage yanayochemka, na chupa ikipata vumbi inaota ukungu. Kwa hiyo tuna sheria, ya kwake mwenyewe: mdomo wa chupa unazungushiwa plastiki mara tatu, unabana kabisa.

"Mara moja," nikasema. "Plastiki iliisha."

"Leo uvivu wako una faida."

"Rudia, nirekodi."

"Nyamaza. Nyumbani mkitaka ndizi ziive haraka mnafanyaje?"

"Tunazivundika."

"Basi hawa watoto tumewavundika."

Patrisi alipoitwa hakubisha, maana hilo analijua tangu chuo. Mmea hutoa gesi, ethilini, ileile inayoivisha ndizi. Kwenye chupa iliyobanwa inajazana, majani yanazeeka kabla ya kukua. Tatizo ni kwamba tulipolegeza chupa kumi, saba ziliota ukungu ndani ya wiki. Ukibana, gesi. Ukilegeza, vumbi.

Ndipo Patrisi akatoa kabatini kichupa kilichofungwa karatasi ya fedha kisipigwe na mwanga.

"Nitrati ya fedha," akasema. "Gesi haiiondoi. Inauziba mmea masikio, usiisikie. Lakini ikizidi inaudumaza, na kwa viazi sijawahi kuijaribu. Nakupa chupa tisini, wiki nne. Zilizobaki zitupwe."

Zilitupwa. Mama Sifa alizibeba mwenyewe mpaka shimoni, akanikataza hata kugusa kreti.

Tisini zile akakatia vipande vipya kwenye uji mpya, akazipanga safu tatu: dawa kidogo, ya kati, nyingi. Siku ya kwanza alidharau glavu, vidole vikageuka vyeusi tii kwa ile dawa. Jumapili, kwenye kwaya, Selina wa sauti ya pili akamdaka: "Mama Sifa, hiyo rangi ya nywele unampaka nani?"

"Mume wa anayeuliza," akajibu, akaendelea kufungua kitabu cha nyimbo.

Wiki ya pili safu ya dawa nyingi ilikuwa imedumaa, vimche vifupi kama kidole gumba, mizizi hakuna. Patrisi akasonya.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia ikizidi, bosi. Hiyo ndiyo imezidi. Sogea huku."

Akasogea. Dawa kidogo haikuwa imefanya lolote, manjano yaleyale. Safu ya kati ilikuwa imenyoosha shingo, majani yamefunguka.

Wiki ya nne ilipotimia, zile thelathini za kati zilikuwa na majani mapana mpaka yanagusa kioo. Patrisi akachukua moja, akaipeleka dirishani, akaizungusha polepole.

"Hii uliweka kiasi gani?"

"Miligramu mbili kwa lita."

Akatoa kalamu, akaandika ukutani, mtu anayetukataza kuandika hata kwenye meza. Kisha akampigia simu mwenye migomba, akamwambia avumilie mwezi mmoja.

Mama Sifa alikuwa ameshawasha taa ya spiriti, anapitisha kisu motoni, simu ameibana begani.

"Mama, andaa matuta ya Machi."

Sauti ya mama yake, bibi Angelina, ikatufikia sote, maana huyo bibi anaongea na simu kama anayeita ng'ombe. "Matuta ya nini?"

"Ya kiazi chako. Mawili yatatosha kwa kuanzia."

Bibi akakata shauri: "Nalima matano."