Shangazi Hakujua Majibu

Wakati binti yetu alipokataa titi, mimi nilikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Mundika, na nilikuwa na jibu la kila swali. Sijisifu. Majibu yalikuwa kitabuni nami nilikuwa nimeyakariri yote. Kila Jumanne mchana nilisimama mbele ya darasa la ubatizo, nikasoma swali, nikasema jibu, na akina mama waliotoka shambani na matope miguuni wakarudia kwa pamoja. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alichosema mwalimu ndicho walichosema wao.

Mtoto alikuwa na siku tisa. Alianza kulia alfajiri akalia mpaka sauti ikakauka, na kila mke wangu alipompa titi aligeuza uso. Kwenye zahanati ya misheni walisema hana homa, turudi nyumbani. Nilimpaka maji ya baraka kipajini, nikasali rozari nzima nimepiga magoti kwenye udongo, naye akazidi kulia. Tulikuwa tumeshazika mmoja kabla yake. Nilijua jinsi mambo hayo yanavyoanza.

Karibu na adhuhuri mama yangu aliingia, akamtazama mtoto bila haraka.

"Huyu hana ugonjwa," alisema. "Analilia jina."

Kwetu Bukhayo hakuna anayehitaji kuelezwa maneno hayo. Mtoto mchanga akilia bila sababu, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa kwa jina. Basi wafu wanaitwa mmoja mmoja huku mtoto amewekwa titini, na akinyonya, jina limepatikana. Mimi nilikuwa nimehubiri dhidi ya mambo hayo mara nyingi, tena kwa sauti ya juu. Siku hiyo nilifunga mlango ili majirani wasione, nikamwacha mama aendelee.

Mama aliita jina la babu yangu. Mtoto akalia. Akaita la nyanya, akaita la amu mkubwa, mtoto akalia tu. Kisha akaita jina la shangazi yangu, na mtoto akashika titi akanyonya.

Mke wangu alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikashikilia mti wa ua, kwa sababu kati ya wafu wetu wote, huyo ndiye niliyemwogopa.

Shangazi ndiye aliyesaidiana na mama kunilea baada ya baba kufa. Uzeeni alitaka kubatizwa, akaingia darasani kwangu. Alimpenda Mungu kwa namna iliyonitia aibu. Alizungumza naye akipalilia mtama, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Lakini majibu ya kitabu hayakumkaa kichwani. Nikimuuliza swali, alinitazama kwa huruma akasema, "Sijui, baba," kana kwamba mwenye shida ni mimi. Padri alikuja kuwapima wanafunzi kabla ya Pasaka, na mimi ndiye niliyechagua nani yuko tayari. Nilimrudisha mara mbili, watu wasije wakasema napendelea ndugu. Mara ya pili alicheka tu, akaenda Budalang'i kumtembelea binti yake. Mto Nzoia ukafurika, homa ikamshika, akafa kabla njia haijafunguka. Katika maji yote yale, hakuna aliyemmwagia tone moja la ubatizo.

Na kitabu kilisema wasiobatizwa hawaingii mbinguni. Jibu hilo nililifundisha hata wiki ya matanga yake, na sauti yangu haikutetemeka.

Sasa nilianza kujiuliza. Kama shangazi yuko motoni, nani amemtuliza mwanangu? Kama hayuko motoni, mimi nimekuwa nikiwafundisha watu nini? Ningelikataa jina, mtoto angeacha tena kunyonya. Ningelikubali, labda Mungu mwenyewe angemchukua ili kuniadhibu. Niliogopa hata kusali, nisije nikagundua kwamba hakuna anayesikia.

Jumamosi nilikwenda misheni kuungama. Malori ya Uganda yalinipita yakiniachia vumbi, na mara mbili niligeuka kurudi. Padri alikuwa mzee wa Ulaya ambaye hakuwahi kukizoea Kiswahili. Nilimwambia yote, hata lile la kuogopa kusali. Nilitarajia kukemewa. Kusema kweli nilitaka anikemee, kwani anayekukemea ana hakika na kitu.

Padri alivua miwani akaifuta kwa kanzu yake.

"Ndugu yangu alikufa vita," alisema. "Yeye aliacha Kanisa. Alinicheka sana. Kila Jumatatu mimi nasoma Misa kwa yeye."

"Yuko wapi, Fadha?"

"Sijui, mwalimu."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Najua kitabu inasema nini. Mimi nasoma Misa. Wewe leta mtoto kesho. Jina ya mtakatifu mbele, jina ya shangazi nyuma. Na omba, hata kama unaogopa. Mimi pia naomba hivyo."

Nilitoka na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo. Nilikuwa nimemfuata mtu anayejua, nikamkuta anaogopa kama mimi, ingawa amevaa kanzu nyeupe.

Mtoto alibatizwa kwa majina yote mawili, akanyonya vizuri. Jumanne nikarudi darasani, na kitabu, kwa zamu yake, kikafika kwenye swali lile la wasiobatizwa. Kabla sijatoa jibu, bibi mmoja aliyekuwa akikaa mkeka mmoja na shangazi alisema, "Mwalimu, na yule mwenzangu? Yuko wapi?"

Darasani kwangu hakuna aliyewahi kuuliza. Jibu la kitabu nilikuwa nalo ulimini, likakataa kutoka. Nilifikiri juu ya binti yangu, juu ya moto, juu ya watu watakaokwenda kunishtaki misheni.

"Sijui," nikasema.

Na wao, kama nilivyowazoeza, wakarudia wote kwa pamoja, kwa sauti ya kukariri: "Sijui."

Nilisimama pale na kitabu mkononi. Neno hilo hilo ndilo jibu lililomnyima shangazi ubatizo.