Vigingi Shambani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipigiwa vigingi vinne shambani kwake, mimi sikupigiwa hata kimoja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma, na yote niliyoyafanya mwaka ule yalitoka hapo. Vilikuwa vijiti tu vya mbao, urefu wa mkono, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu na kuandikwa namba kwa wino mweusi. Ungevikuta njiani ungeviokota ukawashia moto. Lakini vilipigwa na watu waliokuja na magari mawili meupe kutafuta mafuta na gesi, na walivipiga kwake, chini, wakaliacha shamba langu la juu kana kwamba halina mwenyewe.

Habari zenyewe zilianzia ziwani. Wauza usipa, wale dagaa wa ziwani, waliopanda kutoka Mbamba Bay ndio waliotuletea. Walisema kuna wageni wamepanga nyumba nzima, kila siku wanaingia ziwani na boti iliyojaa mitambo, na inasemekana huko chini kuna kitu. Kila muuzaji alitia chumvi yake. Wiki hii ilikuwa gesi, wiki ijayo mafuta, na ya tatu bomba lilikwishafika nusu ya njia. Mimi nilipimiwa usipa wangu huku nimenuna. Mtwara wana gesi yao. Kata ya Ruanda, hapo jirani, wana makaa ya mawe, malori yanapishana kutwa. Sasa na hawa wa ziwani nao, ambao samaki wanao tayari. Sisi wa huku milimani Ukata tuna kahawa, mahindi na mteremko. Nilimwambia mke wangu kwamba Mungu naye ana watu wake. Akanijibu nikayaseme hayo kwa padre, yeye nisimshirikishe.

Kisha tukaitwa mkutano ofisi ya kata. Wale wageni walimleta mtaalamu wao wa miamba, binti mpole mwenye buti kubwa kuliko zangu. Akatueleza kwamba vipimo havitaishia ziwani, vitapanda mabondeni mpaka huku kwetu, ili wajue miamba imelala vipi huko chini. Alisema wazi kwamba wanatafuta, hawajapata. Hata kikipatikana kitu, alisema, itapita miaka mingi kabla hakijatoka, na huenda kikaonekana hakitoshi kulipa gharama ya kukitoa. Mzee mmoja akauliza kama umeme utashuka bei. Binti akasema hataki kutudanganya, hajui. Tukampigia makofi, tukatoka nje, na pale pale tukaanza kugawana mafuta.

Sasa nieleze shamba letu lilivyo. Marehemu baba alikuwa na mlima mmoja mwembamba, unaoanzia kwenye mgongo juu na kuishia kijito chini. Alipozeeka aliugawa mara mbili. Mimi mkubwa akanipa juu, mdogo wangu akampa chini. Akaniambia, "Wewe kaa juu, maji yanaanzia kwako." Nilikuwa kijana, nikaona nimepunjwa. Chini ndiko kuna unyevu, kahawa inastawi, na mke hasafiri na ndoo kichwani. Juu kuna upepo. Nilisema asante baba, lakini kinyongo nilikiweka, na kwa zaidi ya miaka thelathini sijakitoa mahali nilipokiweka.

Huku kwetu mteremko haulimwi ovyo. Tunalima ngoro. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, mistari ya kwenda na ya kukata, mlima mzima. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mahali alipochimba panabaki shimo, na kandokando yake panabaki tuta, ambalo ndilo linalopandwa maharage, kisha mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo linakamata maji yake na udongo wake. Ukiutazama mlima kwa mbali unaona mashimo mamia kwa mamia, yamepangana. Baba alikuwa akisema tu kwamba maji yanaanzia kwangu, hakueleza zaidi, kwa sababu kwetu hakuna asiyejua maana yake. Ngoro za juu zikiwa nzima, wa chini analala usingizi.

Basi vigingi vikapigwa chini. Mdogo wangu akafanywa mwonyesha njia wa wale wageni, akapewa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa hata mchana. Alikivaa shambani, alikivaa sokoni, na Jumapili alikivaa kanisani, juu ya shati jeupe. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake. Sala ilipita yote sikuisikia, macho yangu yalikuwa kwenye ile mistari yenye kung'aa mgongoni pake. Kwenye sala ya jumuiya, katekista akaombea kazi yake njema. Watu waliokuwa wakinisalimia mimi kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, sasa walinisalimia wakipita kwenda kwake kuuliza habari. Hata shemeji, mke wake, mtu asiye na makuu hata kidogo, niliona anatembea tofauti. Pengine hakutembea tofauti. Nilikuwa nimeshikwa na kijicho, na mtu akishikwa nacho hana macho mengine.

Yeye mwenyewe hakujigamba. Hilo ndilo lililonikata maini. Angejigamba ningemchukia nikapumzika. Lakini alipanda kwangu jioni moja na kilo ya sukari, akaniamkia, akakaa. Akasema, "Kaka, hawa watu hata sijui wanatafuta nini hasa. Mimi nawaonyesha tu njia ya mbuzi." Nilikuwa nimeitikia shikamoo yake kwa mdomo wa pembeni. Sukari niliinywa, na kila kikombe kiliniwasha.

Siku chache baadaye nikamvizia yule binti wa miamba barabarani. Nikavaa koti langu la misa. Nikamwuliza, bila kuzunguka, kwa nini mstari wao umepita kwa mdogo wangu ukaniacha mimi niliye mkubwa, na mlima ni mmoja, wa baba mmoja. Akavua kofia yake. Akasema, "Shikamoo baba. Kwako kuna yale mashimo ya kilimo chenu. Gari letu la vipimo haliwezi kupita hapo, na sisi wenyewe hatutaki kuyaharibu. Tunapita palipo tambarare." Alisema kwa heshima kabisa. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi nilichokisikia ni kwamba pakiwa tambarare, watapita.

Siku iliyofuata nilishika jembe. Maharage yalikwishavunwa, mahindi hayajapandwa, na wageni walikuwa wamesema watarudi na magari ya vipimo kabla mvua haijashika. Nilianza juu kabisa mgongoni na kushuka, upana wa gari, nikibomoa matuta na kufukia mashimo. Mke wangu alikuja na uji, akasimama. Akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Akasema, "Baba, wewe uliweka majani. Udongo niliupandisha mimi, na mgongo ulionipindika ni huu hapa." Nikamwambia tukipata mafuta nitamtafutia dawa ya mgongo. Akaweka uji chini, akarudi nyumbani, na kwa siku zote nilizofukia hakukanyaga shambani. Nilifukia peke yangu, kwa hasira, hadi mpaka wa mdogo wangu. Nilipomaliza niligeuka kutazama. Katikati ya zile ngoro zote palikuwa na kipara kirefu, chekundu, kilichonyooka. Nikaona nimefanya kazi nzuri.

Magari yakaja. Wakatandaza nyaya bondeni kule kule kwenye vigingi, wakachomeka ardhini vidude vya kusikiliza, na gari moja kubwa likatua chini sahani ya chuma na kuitikisa ardhi. Nyayo zangu zilitetemeka nikiwa huku juu. Nilisimama kwenye kipara changu, nimevaa lile koti, asubuhi nzima. Nilidhani mtu atainua uso. Mdogo wangu alikuwa katikati yao na kizibao chake, anasogeza nyaya zisikanyage miche yake ya kahawa, ile aliyoipanda miaka mitatu nyuma na ambayo mwaka huo ilikuwa izae kwa mara ya kwanza. Kabla ya mchana walikuwa wamekunja. Yule binti alinipungia mkono kutoka garini, na mimi, mjinga, nikampungia.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ikaniachia mifereji kadhaa kwenye kipara. Nikajitia hamnazo. Ya pili ilikuja mchana, ya mawe, ikanyesha kama saa mbili bila kukata. Nilikuwa nimesimama barazani. Kulia kwa kipara na kushoto kwake ngoro za mke wangu zilijaa, kila moja bakuli lake, zikatulia. Katikati maji yalishuka kwa njia niliyoyachongea mwenyewe. Kwanza yalikuwa ya kahawia, halafu mazito, halafu yakaanza kubeba mawe. Sikuwa na haja ya kwenda kuona yanaishia wapi. Nilijua tangu nilipokuwa mtoto yanaishia wapi.

Tulipofika chini, mimi na mke wangu, tulimkuta shemeji amepiga magoti kwenye tope, anafukua kwa mikono. Miche ya kahawa ilikuwa imefukiwa safu nzima nzima, mingine imeng'oka, mingine imebaki ncha za majani tu. Vigingi viwili vilikuwa vimekwenda na maji. Mdogo wangu alikuwa anatoa mche mmoja mmoja, anausafisha kwenye dimbwi, anaulaza pembeni juu ya kile kizibao alichokitandaza chini. Hakunitazama. Mke wangu aliinama akaanza kufukua na shemeji. Mimi nilisimama. Nitasema ukweli, kwa sababu nimekwishafika umri wa kuusema. Kabla ya aibu kunifika, kwa muda mfupi sana, nilifurahi kwamba vile vigingi vimekwenda.

Kwa wiki kadhaa hatukuonana. Jumuiya nilisingizia homa. Kahawa aliyookoa haikufika nusu, na mwaka huo hakuwa na cha kuvuna. Kule ofisi ya kata tuliambiwa wageni wamepeleka vipimo vyao mjini kusomwa, tutaarifiwa. Mpaka leo hatujaarifiwa. Wauza usipa bado wanapanda na habari, na bomba lao bado liko njiani, lakini wanunuzi siku hizi wanauliza bei ya usipa tu.

Mvua ilipopungua na majani kurefuka, asubuhi moja nilisikia panga linafyeka juu ya nyumba yangu. Nikatoka. Mdogo wangu alikuwa mgongoni, pale kipara kilipoanzia, na mzigo wa majani umelala kando yake. Shemeji alikuwa nyuma yake na jembe. Mke wangu, ambaye bila shaka walikwishapanga naye bila mimi, alikuwa tayari ameshachimba shimo la kwanza.

"Shikamoo kaka," akasema, na akaendelea kulaza majani.

"Marahaba. Mbona huanzi kwako? Kwako ndiko kulikoharibika."

"Nitaanzaje kwangu? Maji yanaanzia huku."

Nikachukua panga nikafyeka naye. Miraba yake ilinyooka kuliko yangu, kama ilivyokuwa tangu utotoni, na hilo nalo liliniuma, hapo hapo, nikiwa na deni lote lile la kosa langu. Jua lilipopanda tuliketi kunywa maji. Nilijua hatauliza. Mtu yule angeweza kufa bila kuuliza. Basi nikasema mwenyewe, nikitazama kata ya kunywea maji na si uso wake.

"Nilifukia ili walete vigingi kwangu."

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa, hata maneno ya kumrudishia nilikuwa nayo. Akafuta kidevu kwa mgongo wa mkono.

"Vile vijiti?" akasema. "Si ungeniambia tu, kaka. Ningeving'oa nikakuletea."

Hakuwa ananidhihaki. Alisema kama mtu anayesema angemwazima mwenzake jembe. Kisha akasimama, akarudi kwenye majani yake. Mimi nilibaki nimeketi na ile kata mkononi. Nilijaribu kujiona mimi niko chini na vigingi vinne na kizibao, na yeye yuko juu anavitaka. Nilijaribu kwa bidii, kwa sababu ni ndugu yangu na alikuwa ananifyekea majani. Ningekuwa mimi, nisingempa hata kimoja.